Waya Mbele au Mwendo wa Kushoto? Uhakiki wa Istilahi za Kuchomelea kwa Gesi

Nia ya makala haya ni kuhakiki tafsiri ya kijitabu kimoja cha mafunzo ya kuchomelea vyuma kwa gesi za oksijeni na asetilini. Kijitabu chenyewe ni chembamba, kurasa zake zimedurufiwa, na hakina jina la mfasiri wala la chombo kilichokitoa. Nilikikuta katika karakana moja ya Kirua Vunjo, Wilaya ya Moshi, kikiwa kimetundikwa ukutani kwa kipande cha waya, na karibu kila ukurasa ukiwa na alama za vidole vyenye grisi. Alama hizo ndizo zilizonifanya nikisome chote. Kijitabu kinachoshikwa na mikono ya namna hiyo ni kijitabu kinachotumika, na tafsiri inayotumika hustahili kuhakikiwa kwa makini kuliko ile inayolala kabatini.

Yafaa nieleze mapema kwamba simlaumu mfasiri peke yake. Makosa mengi nitakayoyataja ni makosa yetu sote tunaoshughulika na istilahi. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, kazi kubwa imefanywa ya kuvipatia vitu majina ya Kiswahili. Lakini mtu anayejifunza ufundi hajifunzi vitu tu, hujifunza kutenda. Swali ninalotaka tujiulize ni hili: je, orodha zetu za istilahi humwambia mwanafunzi mikono yake ifanye nini?

1. Kazi Yenyewe

Kabla ya kuyahukumu maneno, hatuna budi kuielewa kazi. Fundi wa gesi huwa na mitungi miwili, mmoja wa oksijeni na mwingine wa asetilini. Kila mtungi una geji zake, na kutoka hapo gesi hupita katika mipira miwili, wa buluu kwa oksijeni na mwekundu kwa asetilini, hadi kwenye chombo anachokishika fundi. Gesi huchanganyika ndani ya chombo hicho na kuwaka kwenye nozeli. Mfaransa Henry Le Chatelier alionyesha mwaka 1895 kwamba mchanganyiko huu hutoa mwali mkali mno. Na mwaka 1903 Wafaransa wengine wawili, Edmond Fouché na Charles Picard, walitengeneza chombo cha kuchomelea kwa mwali huo. Joto lake hufika kiasi cha digrii 3,100 za Selsiasi, ambapo chuma laini huyeyuka kwa kiasi cha digrii 1,500 tu.

Mkono mmoja wa fundi hushika chombo chenye mwali; mkono wa pili hushika waya wa kujazia. Mwali huyeyusha kingo za mabamba mawili mpaka kitokee kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka. Fundi hukisogeza kidimbwi hicho polepole kando ya kiungo, huku akichovya ncha ya waya ndani yake ili chuma kiongezeke. Nyuma ya kidimbwi chuma huganda, na mabamba mawili huwa kitu kimoja.

Ziko njia kuu mbili za kuendesha kazi hiyo. Katika njia ya kwanza waya hutangulia, na mwali huufuata ukiwa umeelekea mbele, penye chuma ambacho bado hakijaungwa. Njia hii hufaa kwa mabamba membamba, yasiyozidi unene wa milimita 5 hivi. Katika njia ya pili mwali hutangulia ukiwa umeelekea nyuma, penye kiungo kilichokwisha kufanywa, na waya hufuata. Hapo joto hukusanyika zaidi mahali pamoja, na kwa hiyo njia hii hufaa kwa mabamba mazito. Mambo yote tutakayoyajadili yanategemea tofauti hiyo.

2. Sifa za Tafsiri

Haki yataka tuanze na mema. Sura ya kijitabu inayohusu usalama imetafsiriwa vizuri sana. Mfasiri ameandika kwa amri fupi na dhahiri: usipake mafuta wala grisi kwenye koki ya oksijeni, usilaze mtungi wa asetilini wakati wa kazi, usitumie bomba la shaba nyekundu kupitishia asetilini, usizidishe kanieneo ya asetilini. Kila amri imefuatwa na sababu yake. Mafuta yakikutana na oksijeni yenye kanieneo kubwa huweza kuwaka ghafula. Mtungi wa asetilini una asetoni ndani yake ambayo humiminika mtungi ukilazwa. Asetilini ikigusana na shaba nyekundu huweza kufanya kemikali yenye kulipuka. Na gesi yenyewe huweza kulipuka ikisukumwa kupita kiasi. Pia mfasiri ameandika “kanieneo”, istilahi ya shuleni, kisha akaongeza “ambayo mafundi huiita presha”. Huu ni uungwana wa kupigiwa mfano, kwa maana mwanafunzi hupata neno la darasani bila ya kunyang'anywa neno la karakana.

Kwa nini sura hii imefaulu? Nadhani ni kwa sababu mfasiri aliogopa. Alijua kwamba akikosea, mtu ataumia. Kwa hiyo aliyaacha majina, akashika vitenzi: usipake, usilaze, usitumie, usizidishe. Ilipofika sura ya ufundi wenyewe hofu ilimtoka, naye akarudi kwenye kamusi.

3. Majina ya Vitu

Chombo chenye mwali amekiita “mwenge wa kuchomelea”. Neno alilolikuta katika Kiingereza huweza kweli kuwa na maana ya mwenge. Lakini kwa Mtanzania mwenge ni kitu chenye historia yake. Mwenge wa Uhuru uliwashwa juu ya Kilimanjaro Desemba 1961, na mlima huo ndio unaoitazama karakana ile kila asubuhi. Mwenge hubebwa juu ili uangaze. Chombo cha fundi huinamishwa ili kiyeyushe. Mafundi wa pale husema “tochi”, na wakihofia kuchanganya na tochi ya betri husema “tochi ya gesi”. Sioni sababu ya kulikataa neno hilo.

Bamba la chuma ameliita “sahani”. Hili ni kosa la kufungua kamusi na kuchukua maana ya kwanza. Mwanafunzi anayeambiwa aweke tochi kwa pembe ya digrii 60 “juu ya sahani” atacheka kwanza, na akishacheka hatakiamini tena kijitabu. Kidimbwi nacho kimeitwa “bwawa la kuchomelea”. Bwawa walijualo watu wa Moshi ni Nyumba ya Mungu, lenye samaki na mitumbwi. Kidimbwi cha fundi hakizidi upana wa ukucha. Kiswahili kina uwezo wa kudogosha nomino, nasi hatuna budi kuutumia uwezo huo pale udogo wa kitu ni sehemu ya maana yake.

Lakini lililonishangaza kuliko yote ni jina la mwali unaotakiwa kwa chuma laini. Mwali huo ni ule ambao oksijeni na asetilini zinazoingia katika tochi zimelingana. Mfasiri ameuita “mwali usiofungamana na upande wowote”. Maneno haya ni ya siasa yetu ya nje, na mahali pake ni pa heshima; hata hivyo hayafai kwenye meza ya fundi. Mwanafunzi akiyasikia hajui atazame nini. Afadhali tuseme “mwali sawia”, na pande zake mbili tuziite “mwali wa asetilini nyingi” na “mwali wa oksijeni nyingi”. Kisha tumweleze alama zake: mwali sawia una kiini cheupe kilichochongoka vizuri na chenye ncha ya mviringo, asetilini ikizidi kiini huota kitu kama unyoya, oksijeni ikizidi kiini hufupika na mwali huvuma. Mwali wa kwanza huacha kidimbwi kimetulia. Wa pili huongeza kaboni katika chuma na kukifanya kigumu chenye kuvunjika. Wa tatu hukiunguza na kurusha cheche.

Mwisho, mfasiri ametumia neno “fimbo” kwa vitu viwili. Mara ni waya wa kujazia wa kazi ya gesi, mara ni ile inayotumika katika kuchomelea kwa umeme. Mafundi hawavichanganyi: cha kwanza ni “waya”, cha pili ni “rodi”. Rodi hupitisha umeme na imevikwa dawa. Waya haupitishi chochote, kazi yake ni kuongeza chuma tu. Mafundi walikuwa wamekwisha kuvitenganisha. Kijitabu kimevichanganya upya.

4. Kushoto kwa Nani?

Sasa tunafika kwenye kosa ambalo halichekeshi. Njia mbili nilizozieleza hapo juu zimeitwa katika kijitabu “mwendo wa kushoto” na “mwendo wa kulia”. Mfasiri hakuyabuni majina hayo; ndiyo yaliyomo katika vitabu vingi vya Kiingereza. Msingi wake ni fundi ashikaye tochi kwa mkono wa kulia. Akianzia upande wa kulia na kwenda kushoto, waya wake, ulio katika mkono wa kushoto, hutangulia. Akianzia kushoto na kwenda kulia, tochi hutangulia. Kwa fundi huyo majina hayana hitilafu.

Siku niliyokuwapo, kijana mmoja alikuwa akijifunza kuunga ufa wa madigadi ya pikipiki, bati la unene wa milimita 2 hivi. Alikuwa amesoma ukurasa wa mwendo wa kushoto, kama alivyoagizwa, naye alianzia kulia akaenda kushoto, neno kwa neno. Kabla hajamaliza upana wa vidole vinne bati lilitoboka. Akaanza tena mahali pengine, likatoboka tena. Fundi mkuu alikuja, akamtazama mikono bila ya kutazama bati.

“Kijana, unashikia tochi mkono gani?”

“Wa kushoto, Fundi. Ndio mkono wangu tangu utotoni.”

“Basi iache hiyo karatasi. Wewe usiulize kushoto wala kulia. Waya utangulie, moto uufuate.”

Kijana akaanzia upande wa pili, na bati likashika.

Tuchunguze lililotokea. Kijana wa mkono wa kushoto aliyekwenda kushoto alikuwa na tochi mbele na waya nyuma. Yaani, kwa kulitii jina la njia ya kwanza, alitenda njia ya pili, njia ya mabamba mazito, juu ya bati jembamba. Mwali ulikuwa ukiangalia nyuma na kulirundika joto mahali pamoja. Bati lisingeweza kustahimili. Kijana alitii na bado akaonekana mzembe. Istilahi inayomwadhibu mwanafunzi mtiifu ni istilahi mbovu, hata kama imetafsiriwa kwa uaminifu.

Yafaa kuweka mpaka hapa. Sisemi kwamba maneno kushoto na kulia yafukuzwe katika ufundi. Nati ya mpira wa asetilini ina hesi ya kushoto, na ile ya oksijeni ina hesi ya kulia, ili mtu asiweze kuzibadilisha. Hapo maneno hayo ni sahihi, kwa kuwa hesi imekatwa katika chuma na haibadiliki mtu atumie mkono upi. Kushoto kwa nati ni sifa ya nati. Kushoto kwa njia ya kuchomelea si sifa ya njia. Ni sifa ya mtu aliyefikiriwa na mwandishi. Mwundaji wa istilahi hana budi kuitafuta sifa iliyomo ndani ya kitu chenyewe.

5. Mbele Mbili

Je, tuziite njia hizi kwa jina gani? Lililo jepesi kutujia ni “mbele” na “nyuma”. Lakini hapa kuna mtego. Katika njia ya kwanza mwali huelekea mbele, ingawa tochi iko nyuma ya waya. Katika njia ya pili tochi iko mbele, ingawa mwali wake huelekea nyuma. Tukisema “kuchomelea kwa mwali wa mbele”, mmoja atafikiri tunasema juu ya mahali ulipo mwali, na mwingine atafikiri tunasema juu ya unakoelekea, nao watatenda mambo yaliyo kinyume kabisa. Tutakuwa tumeliondoa kosa la kushoto na kulia na kuweka jingine mahali pake.

Njia ya kuepuka mtego huo aliitoa fundi mkuu bila kujua kwamba anaunda istilahi: aliutaja waya. Waya hauna mwelekeo wa kutuchanganya. Ama umetangulia ama unafuata. Kwa hiyo napendekeza “kuchomelea kwa waya mbele” na “kuchomelea kwa waya nyuma”. Majina haya ni ya kweli kwa mtu wa mkono wa kulia na wa mkono wa kushoto.

Yana faida nyingine. Katika kuchomelea kwa waya mbele, waya huchovywa na kutolewa kwa mstari ulionyooka, na tochi inayofuata ndiyo huyumbishwa kidogo huku na huku. Katika kuchomelea kwa waya nyuma, tochi huenda moja kwa moja bila kuyumba, na waya unaofuata ndio huzungushwa ndani ya kidimbwi. Kwa maneno mengine, kitangulizi hunyooka na kifuasi hucheza. Mwanafunzi aliyelishika jina anaweza kuikumbuka kanuni hiyo nzima. Majina ya kushoto na kulia hayampi msaada huo.

6. Vitenzi Vilivyosahauliwa

Kijitabu kinasema mwanafunzi “ayeyushe fimbo kwa mwenge”. Hapa ndipo ufundi wote ulipopotea. Waya hauyeyushwi kwa mwali. Huyeyushwa na kidimbwi. Ukiuweka waya katika mwali, matone huanguka juu ya chuma ambacho hakijayeyuka na kuganda hapo. Kwa macho kiungo huonekana kizuri, chenye mgongo mnene, kumbe hakikushika. Mafundi wana neno lake: husema kazi hiyo “imebandikwa”. Madigadi iliyobandikwa itaanguka tu barabarani. Lakini kibebea mizigo kilichobandikwa, juu ya pikipiki inayoteremka kuelekea barabara ya Himo na mikungu mitatu ya ndizi, ni jambo la uhai wa mtu.

Kitenzi kinachotakiwa ni “kuchovya”. Kila mtoto anajua kuchovya: ncha huingia, hutoka, wala haiendi mbali. Hata waya ukitolewa katika kidimbwi, ncha yake haina budi kubaki ndani ya ukingo wa mwali, isije ikaingiliwa na hewa. Vivyo hivyo kijitabu kimetumia “mtetemo wa mwenge” mahali pa “kuyumbisha tochi”. Mkono unaotetema ni mkono wa mgonjwa au wa mwoga. Mkono unaoyumbisha ni mkono unaotawala.

Aidha mfasiri ametumia “kuchomelea” na “kulehemu” kana kwamba ni kitu kimoja. Lugha ilikwisha kutupa tofauti hiyo, nasi tusiitupe. Katika kulehemu, vipande viwili havielei wala haviyeyuki. Metali ya tatu, iyeyukayo kwa joto dogo zaidi, huingia kati na kuvishikanisha. Katika kuchomelea, vipande vyenyewe huyeyuka na kuingiliana. Mteja aliyelipia kuchomelea akapewa kulehemu ana haki ya kulalamika, na atalalamika kwa lugha gani ikiwa kitabu kimelifuta neno lake?

Wahunzi wa zamani walilijua jambo hili. Mamba, mashariki ya Kirua, pana wahunzi waliofua mikuki na majembe kwa vizazi vingi. Msamiati wa uhunzi katika Kiswahili umejaa vitenzi: kufua, kuvukuta, kunoa, kuunga. Na vitu vingi vimepata majina kutokana na vitenzi hivyo: mvukuto kutokana na kuvukuta, fuawe kutokana na kufua. Kwanza kitendo, kisha kitu. Sisi tumeligeuza jambo hilo juu chini.

7. Pendekezo

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari. Maana yake ni kwamba vijana wengi zaidi watashika tochi na waya, na vijitabu vingi zaidi vitatafsiriwa. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila orodha ya istilahi za ufundi iwe na vitenzi vyake, pamoja na sentensi moja inayoonyesha mkono ukifanya kazi. Pili, istilahi ijaribiwe karakanani kabla ya kusanifiwa: apewe mwanafunzi asiyejua, asomewe, atende, akitenda kinyume, kosa ni la neno mpaka ithibitike vinginevyo. Tatu, kila jaribio la namna hiyo liwe na mtu mmoja angalau wa mkono wa kushoto.

Nilipoaga, nilimwomba fundi mkuu ruhusa ya kusahihisha kijitabu kwa kalamu. Alinikubalia, ila alinitaka nianzie ukurasa wa mwendo wa kushoto. Nilikata kichwa cha habari, nikaandika “Waya Mbele”. Yule kijana alikisoma, akaniuliza kwa nini hakikuandikwa hivyo tangu mwanzo. Sikuwa na jibu la kumpa. Wasomaji wenye jibu, hasa walimu wa ufundi na wafasiri wenzangu, wanaombwa walilete katika kurasa hizi, pamoja na vitenzi vinavyotumika katika karakana za kwao.